Tundu ni dogo, lakini mfupa umekatwa

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 46, fundi cherehani hapa Moshi, kibanda changu kiko Majengo. Mguu wangu wa kulia umeota nundu pembeni, pale kidole gumba kinapoanzia. Ilianza taratibu nilipokuwa nanyonyesha mtoto wa mwisho, na sasa yuko darasa la saba. Kidole gumba kimeegemea cha pili, na cha pili kimeanza kumpanda mwenzake. Chini ya unyayo, usawa wa hicho cha pili, nina sugu ngumu kama punje ya mahindi makavu. Nikiikata kwa wembe inarudi baada ya wiki tatu.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nikiwa nimekaa nashona, maumivu navumilia. Yanakuja jioni nikisimama mezani kukata vitambaa, na Jumapili nikivaa viatu vya kanisani. Siku nyingine usiku nundu inawaka moto hadi nalala mguu ukiwa nje ya shuka.

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali. Nikalazwa kitandani, nikapigwa picha, daktari akasema kidole kimepinda nyuzi 32 na dawa yake ni upasuaji. Akaniambia wiki ya kwanza ya Novemba kuna kambi ya madaktari bingwa watakaokaa siku tano, na wao hawapasui kwa kisu kirefu. Wanatoboa matundu madogo tu, unaondoka siku hiyo hiyo ukitembea. Bei yao ni nafuu kuliko siku za kawaida. Jina langu limeandikwa kwa penseli, natakiwa kuthibitisha kabla ya mwezi huu kuisha.

Mshauri, Novemba hadi Januari ndiyo miezi inayonilisha mwaka mzima. Kwanza nguo za Krismasi, halafu sare za shule. Nina kijana mmoja tu anayejifunza kwangu. Pesa niliyonayo ni ya kikoba, nilikuwa naidundulizia mashine ya ovaloki.

Mume wangu anasema kama mtu anaondoka akitembea, basi wiki moja ya kupumzika inatosha. Na kwa kuwa mguu wa kushoto nao umeanza kuota nundu, wafanye yote miwili kwa mpigo, tusihangaike mara mbili. Wifi yangu anasema mfupa ukikatwa ukiwa umevuka miaka arobaini hauungi tena. Jirani yangu, mwalimu, alifanyiwa huu wa matundu mkoa mwingine. Alirudi akitembea kweli, lakini huu ni mwezi wa pili na kila jioni mguu umevimba, anavaa raba za mumewe. Ananiambia, "Walinidanganya, usikubali."

Mama yangu mzazi ana kisukari. Mimi nilipima mara ya mwisho nikiwa mjamzito. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Na Krismasi lazima tupande Kibosho kwa wakwe, hilo halina mjadala.

Naogopa kukatwa, na naogopa nafasi hii ikinipita sitaipata tena. Nifanyeje?

Fundi wa Majengo


Fundi, pole na mguu, na pole na presha ya tarehe.

Barua yako imebeba maswali matatu, ila kambi imeyashona pamoja yakaonekana moja. Je, mguu huu ukatwe? Je, ukatwe kwa njia ya matundu? Je, ukatwe Novemba? Unaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la tatu, na usiwe umekosea popote. Naomba tuyafumue.

Nianze na hayo maneno "unaondoka ukitembea", maana ndiyo yaliyomvuta mumeo, na ndiyo yaliyomuumiza jirani yako. Ni maneno ya kweli. Tabu iko kwenye kile ambacho sikio linajiongezea.

Kinachofanyika ni hivi. Mguu unapigwa ganzi kuzunguka kifundo. Mpasuaji anatoboa ngozi mara nne, tano au sita, kila tundu milimita 3 hadi 5. Humo anapitisha keekee nyembamba, kichwa chake milimita 2 hivi, inayozunguka polepole lakini kwa nguvu, huku ikimwagiwa maji ya chumvi ya hospitali. Maji hayo si pambo: keekee ikipata moto inaunguza ngozi na mfupa, na mfupa ulioungua huunga kwa taabu. Macho ya mpasuaji wala hayako kwenye mguu, yako kwenye kioo cha mashine ya eksirei. Kwa keekee hiyo anaukata mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kile kichwa cha mfupa anakisukuma kuelekea vidole vingine, kisha anakishikiza, mara nyingi kwa skrubu mbili zinazobaki humo humo. Mara nyingi anatoa pia kabari ndogo kwenye mfupa wa kidole chenyewe ili kinyooke, na kusaga kona iliyobaki imechomoza.

Wewe umegeuza makoti ya bitana. Unaacha upenyo wa inchi nne kwenye mshono, na koti zima linapita hapo. Mteja anauona upenyo, wewe unajua kazi iliyoko ndani. Ndiyo hali ya mguu huu. Matundu yamepunguza jeraha la ngozi na nyama, kwa hiyo maumivu ya siku za mwanzo huwa nafuu, kovu ni dogo, na kiungo hakikakamai sana. Hizo ni faida za kweli. Lakini mfupa umekatwa vile vile ungekatwa kwa kisu, na unaunga kwa kalenda yake: wiki 6 hadi 8 kushikana, miezi mitatu hivi kuwa imara. Unatembea siku ya kwanza kwa sababu skrubu zimeshika na umevaa kiatu cha soli ngumu isiyokunjika, ambacho unakikanyaga bapa, uzito ukiegemea kisigino. Kutembea huko maana yake ni kufika chooni na kurudi kitandani.

Sasa tuziweke hizo wiki kwenye nyumba yako.

Ganzi hukaa saa kadhaa, mara nyingi hadi usiku. Kosa ambalo wengi hulifanya ni kusubiri iishe ndipo wameze dawa. Anza kabla haijaisha. Parasetamoli ni gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, na visizidi vidonge vinane kwa siku nzima. Kama daktari ameongeza diklofenaki au ibuprofeni, usizimeze tumbo tupu, na mwambie mapema kama una vidonda vya tumbo, presha au shida ya figo.

Wiki mbili za kwanza ndizo zenye amri. Katika kila dakika 60, dakika 50 mguu uwe juu, umelala chali, mito imewekwa chini ya shavu la mguu hadi kisigino, vidole viwe juu kuliko kifua. Kukaa kwenye kiti mguu ukining'inia hakuhesabiki kuwa ni kupumzika, hata usipogusa kitu. Damu na maji vinateremka, mguu unavimba, bandeji inabana, nyuzi za kushonea jeraha zinavutwa. Kila saa upinde na kuunyoosha mguu pale kwenye kifundo mara kumi, ili damu isigande kwenye mishipa ya shavu. Bandeji isilowe na usiibadilishe nyumbani. Kuoga ni kwa kukaa, mguu juu ya stuli nje ya beseni. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Hiyo "wiki moja" ya mumeo inakukuta bado kitandani, ukitumia vizuri mkono tu: kupinda mapindo, kushona vifungo.

Kuanzia wiki ya 2 hadi ya 6 unazunguka ndani na uani na kile kiatu kigumu, na unaanza kukikunja na kukikunjua kidole kwa mkono kama utakavyoonyeshwa. Wengi hulikwepa zoezi hili kwa kuogopa, matokeo yake kidole kinanyooka lakini hakikunji. Kwenye wiki ya 6 inapigwa picha nyingine. Usishtuke ikionyesha pengo. Kwa upasuaji wa matundu, mfupa mpya huchelewa kuonekana kwenye eksirei, huanza kujaa kama ukungu mweupe kati ya mwezi wa pili na wa tatu. Mkiridhika na picha, kiatu kigumu kinapisha raba pana.

Hapo ndipo alipo jirani yako. Mguu uliovimba jioni kwenye mwezi wa pili na unaotaka raba za mume ni mguu unaokwenda ratiba yake. Uvimbe huu kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi sita, na wengine hufika mwaka. Siwezi kuuona mguu wake kutoka hapa. Kama maumivu yanazidi badala ya kupungua, au kidole kimeanza kurudi kilikokuwa, arudi kwa aliyempasua. Lakini inawezekana kabisa hakudanganywa kuhusu upasuaji, ila hakuna aliyemweleza kuhusu uvimbe. Mwulize swali moja: yale maumivu ya nundu yaliyokuwa yanamkera ndani ya kiatu, bado yapo? Jibu lake litakufaa kuliko neno "walinidanganya".

Wifi naye tumjibu kwa heshima. Miaka 46 haizuii mfupa kuunga. Vinavyochelewesha ni sigara, sukari iliyopanda, lishe duni na kukanyaga kabla ya wakati. Kwa hiyo hofu yake si ya kupuuzwa, imelenga tu pasipo. Na hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo: mama yako ana kisukari, na wewe hujapima tangu ujauzito. Kabla ya kuthibitisha lolote, pima sukari asubuhi kabla ya kula, na uombe pia kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu. Wapasuaji wengi hupenda kuona kiko chini ya asilimia 8 kabla ya kugusa mguu. Mwombe daktari ayashike pia mapigo mawili ya damu mguuni, juu ya unyayo na nyuma ya kifundo kwa ndani, na akuguse vidoleni ukiwa umefumba macho aone kama unahisi. Mguu wenye ganzi ya kisukari ni habari nyingine kabisa. Na wembe uuache leo. Sugu ilainishe kwenye maji ya uvuguvugu, uisugue kwa jiwe la kusugulia miguu. Kama sukari ipo na hujui, mkato mmoja wa wembe unaweza kukuletea kidonda kibaya kuliko nundu.

Kufanya miguu yote miwili kwa pamoja inawezekana, wapo wanaofanyiwa. Ila mumeo amehesabu gharama ya hospitali tu. Mtu aliyepasuliwa mmoja ana mguu mzima wa kusimamia. Wa miwili hana, na choo chenu ni cha kuchuchumaa. Ukichuchumaa kisigino kikanyanyuka, kidole gumba kinakunjwa kwenda juu na uzito unatua karibu na palipokatwa. Hata kwa mguu mmoja, hiki choo kinahitaji maandalizi kabla ya siku ya upasuaji. Seremala atengeneze kiti cha mbao chenye tundu, miguu minne yenye kutanuka, ncha zake zimevalishwa mpira wa tairi ili kisiteleze kwenye saruji iliyolowa. Viti vya plastiki vilivyotobolewa vinateleza na kupasuka, sivipendekezi. Kikalie siku mbili tatu ukiwa mzima. Kama kinayumba, utakijua kabla hakijakuumiza. Kuhusu mguu wa kushoto, nundu inayoanza na isiyouma haina haraka. Wapasuaji wengi huacha miezi kadhaa kati ya mguu na mguu.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza, ambalo naona liliulizwa na kujibiwa siku moja. Nyuzi 32 ni upindaji wa kati. Kwa kawaida chini ya 15 ni sawa, 20 hadi 40 ni wa kati, zaidi ya hapo ni mkali. Lakini ulipigwa picha umelala. Picha ya kupimia upindaji hupigwa umesimama, uzito wako umeukanyaga mguu, kwa sababu mifupa huachana ikibeba mwili. Ukiwa umelala, pembe huonekana ndogo kuliko ilivyo. Mpasuaji anayepanga wapi akate na asukume kiasi gani anaihitaji hiyo ya kusimama. Iombe, na umwombe akupimie pembe zote mbili, ya kidole na ile iliyo kati ya mfupa wa kwanza na wa pili, maana hiyo ya pili ndiyo inayosema kama njia hii inatosha.

Halafu jiulize panauma wapi hasa. Umetaja sehemu mbili, nundu na sugu ya chini ya kidole cha pili, na haziumi kwa sababu moja. Nundu inauma kwa kubanwa na kiatu. Sugu inakuja kwa sababu kidole gumba kimeacha kubeba mzigo wake, kikamwachia jirani. Upasuaji ukiurudisha mfupa wa kwanza kazini, sugu hupungua. Lakini keekee haikati kama kisu, inasaga, na inachokisaga kinakuwa unga. Mfupa unafupika milimita mbili hivi, kama msumeno unavyokula mbao. Mpasuaji mzoefu huinamisha mkato ili kufidia. Asipofidia, mzigo unazidi kuhamia kidole cha pili, na sugu yako inakuwa mbaya kuliko leo. Kwa mguu wako, hili ni swali la kuuliza kwa maneno hayo hayo: "Na hii sugu ya chini itakuwaje?"

Jaribu kitu kimoja jioni, mguu ukiwa umechoka. Simama peku juu ya karatasi ya kukatia michoro, mtu auchore mguu wako kwa penseli iliyosimama wima. Weka kiatu cha kanisani juu ya mchoro. Wewe unajua kupima gauni lisilomwenea mtu, utaona mwenyewe ni sentimita ngapi za mguu zimebaki nje ya kiatu. Nundu haitaisha kwa kubadilisha kiatu, mfupa uliopinda haurudi kwa kiatu wala kwa vile vipande vya silikoni vya kuweka kati ya vidole. Hivyo hupunguza msuguano tu. Lakini maumivu mara nyingi hupungua, na ni maumivu, si umbo, yanayohalalisha mfupa kukatwa. Kiatu kipana mbele chenye soli isiyokunjika sana, fundi viatu akitanue kwa kalibu pale palipo nundu. Katambuga, kwa mfano, soli yake ngumu ni rafiki wa mguu huu, mradi mkanda usipite juu ya nundu. Kandambili ndiyo mbaya, kwa sababu vidole vinajikunja siku nzima kuing'ang'ania. Kwa sugu, unahitaji kitambaa cha soli chenye kijiuvimbe nyuma kidogo ya sugu, siyo chini yake, ili kuunyanyua mfupa. Bahati yako unaishi Moshi. TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981, kiko eneo la hospitali ya KCMC. Ulizia huko watu wa soli za ndani. Miezi mitatu ya kujaribu hivi kwa uaminifu itakupa jibu ambalo sasa huna. Hasara yake ni kwamba kidole cha pili kinaweza kuendelea kupanda, na kikikaa huko muda mrefu upasuaji wa baadaye unaongezeka kazi.

Kambi sasa. Sina neno baya juu ya kambi, wapo wataalamu wazuri wanaokuja kwa njia hiyo. Ninachokiona ni hesabu ya siku: wanakaa tano, nyuzi zako zinatoka siku ya 10 hadi 14, picha ni wiki ya 6. Nani atakuwepo? Muulize daktari wako jina la mtu, siyo jina la idara. Muulize kama wanatumia skrubu, waya au bandeji peke yake, kwa sababu majibu hayo matatu ni safari tatu tofauti. Skrubu zinajitegemea. Waya unachungulia nje ya ngozi kwa wiki 4 hadi 6, na Novemba ni vuli, tope la Majengo unalijua. Vijidudu vinafuata waya. Bandeji peke yake maana yake bandeji ndiyo inayoshikilia mfupa, na ni lazima ifungwe upya mara kwa mara na mtu aliyefundishwa. Ikifungwa vibaya, kidole kinaunga kimepinda. Muulize mpasuaji pia ameshafanya ngapi kwa njia hii. Njia ya matundu inafanywa bila kuona mfupa kwa macho, na mkono huzoea taratibu. Mpasuaji mzuri hakasiriki kuulizwa. Na kama anayebaki hapa mkoani anafanya kwa kisu na amezoea, hiyo nayo ni njia halali kabisa: kovu la sentimita tano hadi nane, kukakamaa zaidi mwanzoni, lakini baada ya mwaka tofauti kati ya miguu miwili iliyopasuliwa vizuri huwa ndogo.

Ukienda Novemba wiki ya kwanza, Krismasi inakukuta wiki ya 7, siku chache baada ya kuvua kiatu kigumu. Kibosho utafika, gari likikufikisha mlangoni. Utakaa mguu juu ya kigoda mbele ya wakwe, na hutashuka migombani. Mteremko unasukuma vidole mbele ya kiatu, ndio unaouma kuliko kupanda. Sare za Januari zinakukuta wiki ya 8 hadi ya 12, ukiweza kukaa na kushona kwa vipande, siyo kusimama mezani siku nzima. Ukiisogeza hadi mwanzoni mwa Februari, sare zimeshalipwa, ni kiangazi, na wiki mbili za bandeji zinaisha kabla ya masika. Bei huenda isiwe ile ya kambi. Hapo ni wewe na daftari lako: andika upande mmoja punguzo la kambi, upande wa pili oda utakazozikataa.

Ukipasuliwa, popote na lini, hizi ndizo dalili za kukimbilia hospitali bila kusubiri asubuhi: shavu la mguu kuuma na kukaza, kifua kubana au pumzi kukatika, homa, harufu au usaha, maumivu yanayopanda baada ya siku ya tatu badala ya kushuka. Kwa ngozi zetu usisubiri uone wekundu, hauonekani vizuri. Pitisha mgongo wa mkono, sikia kama pana joto kuliko mguu mwingine, angalia kama ngozi inang'aa kwa kujaa. Na kila jioni bonyeza kucha ya kidole gumba, uiachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Isiporudi, bandeji imebana. Sehemu ndogo ya ngozi pembeni ya kidole inaweza kubaki na ganzi kwa miezi, wengine moja kwa moja. Skrubu nazo zikisumbua chini ya ngozi hutolewa baadaye. Kama unatumia sindano au vidonge vya uzazi wa mpango, sema kabla, kwa sababu ya damu kuganda.

Limebaki la cherehani. Hakuna ratiba iliyoandikwa kwa ajili ya kukanyaga cherehani. Kilicho karibu nayo ni pedali ya gari kwa mguu wa kulia, nayo ni wiki 6 hadi 8, baada ya picha nzuri. Anza na robo saa, kisha mguu juu. Kabla ya hapo kijana wako akanyage, wewe uongoze kitambaa; ni mtihani wa uvumilivu huo, lakini wapo wanaouweza. Au mweleze fundi mashine akufungie mota ya umeme. Pesa ya ovaloki itapungua kidogo, lakini mashine haitasimama miezi miwili. Pedali yake iweke upande wa kushoto, na uifunge wiki mbili kabla ya upasuaji, siyo baada. Mguu wa kushoto mwanzoni hukanyaga kwa pupa na mshono unakimbia, kwa hiyo jifunzie kwenye vipande chakavu, usianze na sare ya mtoto wa mtu.